Kikapu Kilichokosa Mwenyewe

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Kibondo. Siku hizi ninaishi Kasulu, na kwa jinsi lami ilivyolala sasa, safari ambayo zamani ilikuwa ya kula vumbi mpaka nyusi zinageuka nyekundu imekuwa ya kusinzia kidogo na kuamka umeshafika. Nilimaliza shughuli mapema, nikaona nizunguke sokoni kununua asali. Miguu ikanipeleka ambako sikuiambia iende: nyuma ya soko, kwenye jengo refu la matofali ya kuchoma ambalo bati lake limeshuka upande mmoja. Ndani wanauza magodoro. Nikasimama mlangoni nikiutazama ukuta wa kushoto, pale ambapo misumari mirefu ilikuwa bado imechomoza, haina kinachoning'inia. Mwenye duka, mama mmoja aliyejifunga kanga juu ya gauni, akanikazia macho. "Dada, unatafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu, naangalia tu. Alinisindikiza kwa macho mpaka nikavuka mtaro. Sikumlaumu. Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa: mtu anayeangalia tu, hanunui wala haulizi bei, lazima ana lake jambo.

Jengo lile, rafiki yangu, liliwahi kuwa makumbusho ya sanaa. Najua unachofikiria. Ukisikia makumbusho unawaza vioo, mlinzi mwenye sare, na watoto wa shule waliopanga mstari. Letu lilikuwa ghala la zamani la mazao lililokaa miaka na popo wake, mpaka mwalimu mmoja mstaafu wa sanaa alipoomba apewe funguo. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa Tanga. Serikali ilimleta kufundisha sekondari enzi ambazo ukipangiwa Kigoma nyumbani wanakulilia, na alipostaafu hakurudi kwao. Sasa hebu fikiri. Mtu wa pwani, mwenye minazi kwao, abaki kwenye baridi ya Kibondo kwa hiari yake? Wengine walisema kagombana na ndugu zake. Wengine walisema kuna mwanamke. Jirani yetu, ambaye habari haikuwahi kupita kwake bila kuongezewa chumvi, alisema anachimba madini chini ya sakafu ya ghala na hizo picha ni za kufunika shimo.

Picha zenyewe zilikuwa nzuri. Alipaka kuta chokaa, akatundika michoro ya wanafunzi wake wa miaka yote: ng'ombe wenye pembe ndefu, wanawake wakipeta maharage, soko la Kasulu siku ya mvua na miavuli ya kila rangi. Mbele ya ule mchoro wa soko ningeweza kusimama saa nzima. Kisha akaanza kuzunguka vijijini kwa baiskeli akiomba vitu vya nyumbani, vyungu, viti vya kuchonga, viko vya mababu, ngoma, vikapu. Hakuvinunua. Alisema vitabaki mali ya wenyewe, yeye anavitunza tu ili watoto wajue kwamba hata huku kuna sanaa, haikuanzia mjini. Na hapo ndipo alipoharibu. Angesema ananunua, watu wangemwelewa mara moja. Lakini mtu anakuomba chungu chako kilichoungua matako, hataki kukipikia, hataki kukiuza, anakitakia nini?

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa darasa la tano, nikiishi na bibi mzaa baba katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka mjini. Baba na mama walikuwa Kasulu, baba akiuza katika duka la mtu. Kijijini kwetu kila mmoja alikuwa na tafsiri yake ya makumbusho. Wazee walisema kitu kilichokunywa jasho la mikono ya mtu ni sawa na nywele zake, ukivikusanya pamoja umewashika wenyewe. Vijana wenye redio walisema vitasafirishwa kwenye kontena kwenda kwa wazungu. Wapo waliosema mwalimu anaandikisha watu, na hili ndilo lililoshika mizizi, kwa sababu alikuwa na daftari kubwa jeusi, na kila alipopokea kitu aliuliza nani alikitengeneza, alizaliwa wapi, alifika hapa lini. Huku mpakani, swali la umezaliwa wapi humuulizi mtu hivi hivi. Sisi Waha tunasikilizana na Warundi bila mkalimani, tunaoana, tunalima mabonde yanayotazamana. Ukitoka nje ya mkoa, mtu akisikia lafudhi yako tu anakuuliza kama kweli wewe ni Mtanzania, halafu anacheka kana kwamba ametania.

Naye mwalimu hakuwa na imani na sisi, tusimfanye malaika. Huko kwao walishamwambia watu wa Kigoma wanaroga hata kivuli, asile kwa mtu. Kwa hiyo miaka yote ile alitembea na chupa yake ya chai na kipande cha mkate ndani ya mfuko wa baiskeli. Ukimkaribisha maharage na ndizi zilizopikwa kwa mawese, harufu inavuka barabara, yeye anasema amefunga. Mwezi wa tano, Ramadhani iko mbali, amefunga. Bibi alimkaribisha mara tatu na mara tatu akawa amefunga. Baiskeli ilipopotelea kwenye kona bibi akasema, "Huyu hataki chakula changu, ila chombo changu anakitaka."

Chombo chenyewe kilikuwa kikapu. Sizungumzii kapu la sokoni. Ni kile kikapu kirefu cha kifuniko kilichochongoka, ambacho kwetu tunakiita igiseke, kinachobebwa kichwani siku za harusi na msiba. Cha bibi kilisukwa kwa majani membamba yaliyozungushiwa nyuzi za mgomba, na mistari myeusi ilikipanda kwa kukunjakunja, kama njia ya mlimani inavyopanda. Kilikaa juu ya msumari chumbani kwake, ndani yake mbegu za maharage alizozichagua moja moja. Kilikuwa kinanuka moshi na mawese na kitu kingine ambacho mpaka leo sijui ni nini, nikikutana nacho ghafla mahali nasimama.

Kilisukwa na mama yake. Hilo nililijua kwa sababu kila jioni ya kupukuchua maharage bibi alinisimulia habari za mama yake. Tulikaa kwenye mkeka uani, maganda makavu yakilia chini ya fimbo, mihogo ikikauka juu ya jiwe, na yeye anasimulia: mama yake alivyokuwa mfupi na mkali, alivyoweza kusuka huku anasinzia, alivyoimba anapovuka mto kuja kumwona binti yake aliyeolewa upande huu. Upande huu, kwa sababu wao walikuwa wa ule, ng'ambo ya Malagarasi. Bibi alilitaja jina la mama yake mara nyingi, lote, kwa kuliburuta, kama mtu anayelamba asali kwenye kijiko. Nililijua kama nilivyojua langu. Hakuniambia kwamba lilikuwa la kufichwa. Hapo namlaumu, hata sasa, kidogo.

Siku moja mwalimu alikuja shuleni kwetu. Akatuambia kila kitu kitakachoingia makumbusho kitawekewa kadi ukutani, na kwenye kadi litaandikwa jina la aliyekitengeneza, kwa wino mweusi na herufi nzuri, likae miaka na miaka, na watu kutoka mbali watalisoma. Mtoto mwenye akili zake angesikiliza akasahau. Mimi nilirudi nyumbani mbio. Nilitaka jina la yule mama mfupi mkali likae ukutani. Bibi akakataa, nikanuna. Akakataa tena, nikakataa uji. Kilichomlegeza si mimi, ni jirani. Jirani alikuwa hasimu wake wa miaka, waligombania mpaka wa shamba, kuku, na nani alitangulia kuoshwa miguu kwenye harusi fulani. Jirani akapeleka chungu chake, na kuanzia hapo kisimani hakukuwa na maneno mengine. Chungu changu kina kadi. Chungu changu kimetazamwa na daktari. Wiki mbili bibi alivumilia, ya tatu akakishusha kikapu kutoka kwenye msumari.

Alinipa sharti moja. Kikapu cha namna ile hakikai kitupu. Ukikibeba kwa mtu unaweka kitu ndani, na yeye akikirudisha anaweka kitu ndani, hata kama ni kiganja cha ulezi. Kikiachwa wazi na kitupu mbele za watu, nyumba kilikotoka inaona njaa. Basi akanijazia maharage, akafunika, nikakibeba kichwani mpaka mjini, shingo imenyooka, najiona bibi harusi.

Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza, akapiga mluzi mdogo. Kisha akayamimina maharage yote kwenye gazeti, akalikunja vizuri na kunirudishia. "Makumbusho si ghala, mwanangu," akasema, ndani ya ghala. Halafu akafungua daftari jeusi. Nikamwambia yote. Jina, lote, kwa kuliburuta kama bibi. Mlima waliokaa. Mto waliovuka. Aliandika bila kuinua kichwa, na alipomaliza akasema hii ndiyo historia yenyewe, watu wanaleta vyungu lakini hawaleti maneno. Nilirudi nyumbani miguu haigusi ardhi.

Kuhusu maharage, bibi aliposikia yamemwagwa alichagua mengine. Siku ya soko iliyofuata alipitia makumbusho, akazunguka kwa heshima mikono nyuma, na alipotoka kikapu kilikuwa na kiganja cha maharage chini ya kifuniko. Hakuwa peke yake. Kila mwanamke aliyekuwa na kikapu mle alifanya hivyo hivyo, kila mmoja akidhani ni yeye tu mwerevu. Mwalimu akifunika jioni vikapu vitupu, siku ya soko ikipita anakuta mbegu ndani. Akabadilisha kufuli. Mbegu zikarudi. Panya wakasikia habari, wakaja kuishi. Mwalimu akaamini sasa ni kweli, anarogwa kwa maharage, na akamwita shekhe wa pale sokoni asome dua. Shekhe, ambaye mke wake alikuwa na kikapu mle, alisoma dua ndefu sana. Hakuna aliyemweleza mwalimu. Kwa nini tumweleze? Angeuliza, angeambiwa, lakini yeye aliuliza ya kuzaliwa wapi tu.

Kiangazi kilipokomaa likaingia neno lingine. Lilianza kama yanavyoanza yote, mtu kasikia kwa mtu aliyesikia redioni: watu waliotoka ng'ambo bila karatasi watatakiwa kurudi walikotoka. Nani hasa, tangu lini, hata waliokuja kwa ndoa, hata wazee? Hakuna aliyejua. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Familia moja bondeni iliondoka asubuhi na mikeka kichwani, wakaacha mihogo juu ya mawe. Watu wakaanza kuhesabiana kimyakimya. Kisimani, mtu akija, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Bibi aliacha kuongea Kiha chake chenye lafudhi ya ng'ambo mbele ya wasiomjua, akajikokota na Kiswahili chake cha maneno machache, na kukisikia kwake kukanisikitisha bila kujua sababu. Jioni moja akaweka fimbo ya kupukuchulia chini.

"Mwana wanje, mwanangu, ukiulizwa bibi yako ni wa wapi, sema ni wa hapa."

"Na wewe ukiulizwa?"

"Mimi nina miti ya kahawa niliyopanda kwa mkono wangu. Iulizwe hiyo." Akaokota fimbo. "Usimwage mtama penye kuku wengi."

Ndipo nilipoikumbuka kadi. Sikula usiku ule. Nilikuwa nimeshaumwaga mtama, tena kwenye kiwanja chenye kuku wa mji mzima, na nikaomba uandikwe kwa wino.

Ningemwambia, nisingemwambia? Nilizunguka na swali hilo kama kuku mwenye kamba mguuni. Bibi hakujua kusoma. Alikuwa ameiona kadi mara kadhaa alipopeleka maharage yake, na alifurahi kwamba ni ndefu kuliko ya jirani. Nikasema moyoni, nitaitoa. Lakini mwalimu alikuwa amefunga jengo akijiandaa kwa siku ya ufunguzi rasmi, na tangu dua ile alikuwa hamruhusu mtu kuingia. Nikangoja, na kila mtu niliyekutana naye njiani nilimwangalia usoni nikitafuta kama amesoma.

Siku ya ufunguzi ilikuwa na ngoma, soda, na hotuba ambayo haikusikika kwa ajili ya ngoma. Wanawake wa kijijini kwetu walikwenda wote, vitenge vimepigwa pasi ya mkaa, bibi mbele na jirani mbele yake zaidi. Tulipoingia ndani kulikuwa kumenyamaza kwa namna isiyo ya kawaida, na nikaona sababu. Kulikuwa na mwanamume ambaye hakuna aliyemjua. Shati la mikono mirefu, viatu visivyo na vumbi, kijitabu mkononi. Hakutazama vitu. Alisoma kadi, moja baada ya nyingine, na kila aliposoma aliandika. Watu walimpisha kama wanavyompisha nyoka njiani, bila haraka, bila kumwondolea macho. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Huenda alikuwa mwanafunzi wa chuo anayeandika ripoti yake, huenda alikuwa mpenzi tu wa sanaa. Sisi hatukumwuliza, na yeye hakusema.

Alikuwa kwenye viti vya kuchonga. Baada ya viti ilikuwa ngoma, baada ya ngoma chungu cha jirani, baada ya chungu kikapu cha bibi. Niliisoma kadi kwa mara ya mwisho. Kikapu cha harusi, kimesukwa na fulani, wa mlima fulani, ng'ambo ya Malagarasi, Burundi. Kimetolewa na binti yake. Na kijiji chetu kikafuata, kwa herufi nzuri sana. Yule mtu akahamia kwenye ngoma. Nikaibandua. Ilikuwa imebandikwa kwa uji wa muhogo na ilitoka na ganda la chokaa. Sikuwa na mfuko, gauni la sherehe halikuwa na mfuko. Alipogeuka kuja kwenye chungu nikaikunja nikaitia mdomoni.

Karatasi ya manila haitafuniki, jamani. Ni ngumu kama ngozi ya mbuzi, na wino una uchungu wa dawa. Nilisimama pale mashavu yamevimba, machozi yananilenga, natafuna chokaa na muhogo na jina la mama mzaa bibi yangu. Yule mtu akafika. Akatazama ukuta, mahali palipobaki alama nyeupe ya mraba. Akatazama kikapu.

"Hiki mbona hakina maelezo? Cha nani?"

Mwalimu alikuja haraka, daftari jeusi kwapani, uso wa mtu ambaye ameulizwa jambo analolijua. Akaona alama ya mraba. Akaniona mimi na mashavu yangu. Akafuata macho yangu mpaka kwa bibi. Sijui bibi aliona nini usoni kwangu, lakini nadhani alielewa yote kwa mara moja, jambo nililolifanya mwanzo na hili nililokuwa nalifanya. Akakitazama kikapu cha mama yake, akakitazama vizuri, kama unavyomtazama mtu anayeondoka.

"Mimi sikijui," akasema, kwa Kiswahili.

Kijiji kizima kilikijua kikapu kile. Kilikuwa kimekwenda harusi zao, kimebeba unga wa misiba yao. Na aliyekuwa na sababu zote za kufungua mdomo siku ile alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, karibu na chungu chake. Jirani akasogea, akainama, akakikagua kikapu kama anayeona kitu cha ajabu.

"Hata mimi sijawahi kukiona," akasema. "Huku kwetu hatusuki hivi."

Baada yake wa tatu, na wa nne. Hatukijui. Si cha huku. Labda cha Kasulu. Walisema bila kutazamana, kila mmoja kwa zamu yake, na mke wa shekhe akamalizia kwamba huenda mwalimu alikuja nacho kutoka Tanga. Mwalimu alikuwa bado ameacha mdomo wazi. Akaufunga. Akasema kililetwa zamani na mtu ambaye amemsahau, uzee huu, akamshika yule mgeni mkono akampeleka kwenye mchoro wa soko la Kasulu. Ndipo nikajua kwamba siri niliyojidhania nimeimwaga ilikuwa siri ya kijiji kizima, na kwamba nusu ya wale mama walikuwa wakijitetea na wao wenyewe.

Siku ya tatu mwalimu alikuja nyumbani na daftari. Hakusalimia sana. Alilifungua, akaichana ile karatasi yetu mbele ya bibi, akampa. Bibi hakuitazama, angeitazamia nini. Akaiweka chini ya chungu cha maharage, ikashika moto. Kisha akapakua, na mwalimu akanawa mikono akala, sahani mbili, maharage na ndizi na mawese yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hakuwa amefunga. Kama ungepita njiani ungesema ni ndugu wawili. Mimi nilikaa mlangoni, nafurahi kwamba mambo yamekwisha, na sikufikiri hata kidogo ni nini kilichokuwa kinawaka pale jikoni.

Alipokuwa anaondoka akauliza kwa sauti ndogo kama amletee kikapu chake jioni moja, kwa siri. "Kikapu gani?" bibi akamjibu. Baadaye aliniambia watu wamesema uongo kwa ajili yake mbele za watu, akikitundika tena ukutani kwake atakuwa amewaumbua. Kwa hiyo kilibaki makumbusho, kikapu kisicho na kadi. Alipita kukitazama siku za soko, mikono nyuma, kama mgeni. Hatukupukuchua maharage kimya, la, alikuwa bado msimulizi mzuri. Lakini mama yake hakuwamo tena kwenye hadithi. Niliona jina lake limeanza kunipotea, nikadhani litarudi.

Mwaka 2015 watu walianza kuja wengi kutoka ng'ambo, wakikimbia, na malori yalipita barabarani kutwa yakiwapeleka makambini. Jengo likahitajika kwa kuhifadhia mablanketi. Mwalimu akarudisha vitu kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, mpaka baiskeli ikapinda, kisha akaenda kwao Tanga na hatukumsikia tena. Kikapu sijui kilikwenda wapi. Asubuhi moja nilisimama na bibi kando ya barabara, lori limepunguza mwendo kwa ajili ya shimo, na mama mmoja mzee akatuinamia kutoka juu akamsalimia bibi salamu ya asubuhi ya kwao, "Mwakeye." Kwa lafudhi ile ile ya bibi, ya kuburuta. Bibi alishika kitenge chake kifuani. "Salama," akajibu, na lori likaondoka.

Makumbusho yale yalikaa miaka michache tu, na ukiuliza leo pale sokoni vijana watakwambia siku zote palikuwa pa magodoro. Michoro sijui iko kwa nani. Wasukaji wa vikapu vile wamekwisha mmoja mmoja, siku hizi harusini tunabeba mabeseni ya plastiki yenye maua. Hayo yote nayasikitikia kama unavyoyasikitikia wewe ya kwenu. Lakini kuna moja ambalo halinitoki.

Bibi alipoanza kuumwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa namkanda miguu mchana mmoja, nyumba imetulia, tuko wawili tu, na nikaona ndio wakati. Nikamwuliza, "Bibi, mama yako alikuwa anaitwa nani?" Akavuta mguu wake taratibu kutoka mikononi mwangu. Alinitazama, mimi niliyekua nikilala mgongoni kwake, kwa macho yale yale aliyomtazamia mtu wa kijitabu.

"Nani amekutuma?" akasema.

Sikumwuliza tena, na mwaka ule hakuumaliza. Baba anasema yeye hakuwahi kuambiwa. Jirani alikuwa ameshatangulia. Najua tu kwamba lilianza na Nya, na huku kwetu majina ya wanawake wa zamani karibu yote yanaanza hivyo. Huwa najaribu, nikiwa peke yangu, kuyapanga yote ninayoyajua nikingoja mojawapo lishtuke, na hakuna linaloshtuka. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipolitamka lote, kwa sauti, mbele ya mtu aliyeandika kila herufi. Mdomo huo huo ndio ulioitafuna kadi yake.